Mwambie Jirani Yako Asubiri

4 Februari

Mdogo wangu Fyuzi,

Nakusalimu, na kama una dakika moja kabla hawajakuita mkutanoni, kaa chini unisome. Huku tuko salama. Mwanangu ana mimba ya miezi mitatu na ameanza kuchagua vyakula kana kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani. Mjomba amenunuliwa fimbo ya kutembelea, ila anaitumia zaidi kuamrishia watu. Mimi na Mama Vifungo tumeshona kola za sare tangu Desemba mpaka tunaziota. Unamkumbuka? Yule aliyekuja kunisaidia vifungo kwa wiki moja. Huu ni mwaka wa tisa.

Habari zako zimefika kabla ya barua yako. Mkuu wa teknolojia, hospitali nzima na kliniki zake sita! Mjomba ameuliza kama sasa utaacha kutambaa chini ya meza za watu ukifuata nyaya. Nikamwambia sasa atawatuma wengine watambae. Nilifurahi, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, ikabidi nifumue.

Simu yangu kioo kimepasuka, usihangaike kupiga. Na hata ingekuwa nzima, mambo ya maana tumeandikiana tangu ulipokuwa bweni. Simu ni ya kujuliana hali, barua ni ya kuambiana. Basi niambie: hiyo akili mnemba wanayosema utaisimamia ni kitu gani? Hapa dukani wateja wanabishana. Mmoja anasema itatufukuza kazi sote, mwingine anasema inajua kila kitu. Mimi nikisikia fulani anajua kila kitu, huwa nauliza kamjua nani.

Mimi sijambo. Matundu ya sindano za siku hizi yamekuwa madogo tu, basi Mama Vifungo hunitungia uzi.

Msalimie wifi na watoto.

Dada yako


27 Februari

Dada mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, kwa sababu ofisini hawaniachi. Wifi yako anakusalimu. Mwanao mwambie ale anachotaka, mimba haina mahakama. Mjomba nampigia saluti.

Sasa sikiliza. Zamani mkuu wa kompyuta aliulizwa mambo mawili tu: mtandao umerudi? Printa imepona? Siku yangu ya kwanza kwenye cheo hiki Mkurugenzi alifunga mlango akaniambia, "Sikukupandisha ili uniletee orodha ya vifaa. Wenzetu wanatuacha nyuma. Nataka uniambie kazi gani ifanywe na mashine na gani ibaki kwa watu." Miaka yote nimekuwa fundi wa kuhakikisha vitu vinawaka. Leo naulizwa nani aamue nini.

Tumeanza na orodha ya kusubiri. Madaktari bingwa ni wachache, na wagonjwa wanaongoja kuitwa wamepita elfu nne. Kwa miaka kumi na tisa orodha hiyo imekuwa kwenye daftari la Muuguzi Mkuu, mama mmoja mkavu kama rula, ambaye hapa wote tunamwita Sista Daftari. Sasa akili mnemba itasoma mafaili yote kwa dakika chache na kumpanga kila mtu kwa uzito wa hali yake. Hakuna kusahaulika, hakuna kujuana, hakuna "huyu ni shemeji wa fulani".

Nilipoieleza mbele ya bodi, Sista Daftari aliinua mkono. "Ikimkosea mtu," akauliza, "huyo mtu amwendee nani?"

Nikasema, "Aje kwangu."

Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga, alifungua daftari akaandika kitu.

Nina furaha, Dada, na nina hofu kidogo. Furaha ndiyo kubwa. Wewe ndiye uliyeuza cherehani yako nzuri nikasoma. Nilitaka ujue haikwenda bure.

Fyuzi wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe, nimechelewa. Kazi, kisha uvivu, kisha kazi tena. Tumefurahi sana kusikia habari zako. Barua yako Mama Vifungo aliisoma kwa sauti dukani, na uliposema mimba haina mahakama wateja walicheka mpaka mmoja akasahau chenji. Mjomba amegombana na fimbo yake, anasema inamzeesha.

Sare za shule nimempa fundi wa mtaa wa pili aendelee nazo. Nimechoka kola. Nabaki na mapazia na mashuka, vitu vya mshono ulionyooka. Kila umri na kazi yake.

Halafu nina swali, si langu. Kuna jirani yangu mmoja hapa, mwanamke wa makamo, mtu wa kazi zake. Mwezi wa kwanza alipimwa macho kwenye kliniki yenu ya hapa, akaambiwa ataitwa akamwone bingwa. Mpaka leo kimya. Anauliza: mtu akishawekwa kwenye hiyo orodha ya mashine, anaruhusiwa kwenda kuulizia, au ni kusumbua watu? Hataki kuonekana king'ang'anizi. Mimi nikamwambia ngoja nimuulize mwenye mashine.

Usinicheke kwa mwandiko mkubwa. Nimebadilisha kalamu.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Mwandiko wako siku hizi unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara! Wifi yako anasema sasa unaandika kama mabango ya uchaguzi.

Huku mambo yanakwenda vizuri mno. Muda wa kusubiri umepungua karibu nusu. Mkurugenzi anazunguka na picha za michoro yangu kwenye simu kama mtu aliyepata mjukuu. Wakuu wa hospitali nyingine wanakuja kutazama, na mimi ndiye ninayewatembeza. Sista Daftari amepewa kazi nyingine, anafundisha wauguzi wapya. Hatukuelewana kidogo. Yatapita.

Kuhusu jirani yako, mwambie asubiri. Kama yuko nyuma, basi walio mbele yake wana hali mbaya kuliko yeye. Akienda kuuliza-uliza atawachosha wauguzi bure. Mashine haimsahau mtu.

Samahani barua ni fupi, kuna wageni mlangoni.

Fyuzi


30 Juni

Mdogo wangu,

Usishtuke kwa mwandiko, huu ni wa Mama Vifungo. Nimejichoma kidole na sindano, nimekaa kama malkia naongea na mwingine anaandika.

Mwanangu anakaribia kujifungua. Mjomba amerudiana na fimbo. Duka linafunguliwa siku tatu kwa wiki, inatosha.

Jirani nilimpa maneno yako. Amesema ahsante, anasubiri.

Ufanye kazi, ule, ulale. Tunajivuna na wewe hapa mtaani.

Dada yako

(Na mimi mwandishi nakusalimu. Njoo umwone dada yako. Amekataa niandike zaidi ya hapo. — Mama Vifungo)


14 Agosti

Dada yangu,

Anayekusomea barua hii ni Sista Daftari mwenyewe. Nimemwomba asiruke neno, hata pale ninapojisema vibaya mbele yake. Gari la kliniki liko mlangoni kwako. Msikilize mpaka mwisho, kisha mwondoke pamoja.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliingia ofisini kwangu bila hodi. Nilikuandikia kwamba hatukuelewana kidogo. Ukweli ni kwamba alinipinga vikao vitatu mfululizo, nami nikamhamisha. Akaweka daftari mezani. "Nimefuatilia watu thelathini na saba walioitwa wakiwa wamechelewa," akasema. "Hawafanani umri wala ugonjwa. Wanafanana jambo moja. Chukua mafaili yao uyashike."

Nikayashika. Yalikuwa membamba. Kurasa mbili, kurasa tatu.

Mafundi wangu walikaa siku mbili wakachimbua. Mashine ilijifunza kwa kumbukumbu za miaka iliyopita, na humo waliougua sana wengi wao ni wale waliokuwa wakija hospitali mara kwa mara. Basi ikashika kwamba anayekuja sana ndiye mgonjwa, na asiyekuja ni mzima. Mtu asiyesema, asiyeweza kuacha kazi yake akapange foleni, anayejifunga kitambaa kichwani na kuendelea, huyo ikamsukuma nyuma. Na kwa kuwa haitwi, faili lake halinenepi, ikamsukuma tena. Nilikuwa nikitembeza wageni wakati watu wanasukumwa.

Nikaenda kwa Mkurugenzi. "Naomba isimame leo."

"Wiki ijayo napokea wakuu wa hospitali tisa," akasema. "Irekebishe kimyakimya."

"Kuna watu wanasubiri sasa hivi, mkuu."

"Ukiizima hiyo, unajizima na wewe."

Nilirudi nikaizima. Kisha nikamwendea Sista Daftari darasani kwake, mbele ya wanafunzi wake, nikamwomba radhi na kumwomba msaada. Aliniambia, "Radhi baadaye. Kalamu zipo?"

Tumekuwa tukisoma majina moja moja, madaktari wawili, yeye na mimi. Orodha ya macho ina watu mia nne na kumi na mbili. Juzi saa nane mchana nikafika wa mia tatu na kumi na nane. Mwanamke, miaka hamsini na sita, fundi cherehani. Mtaa wetu. Jina la baba yetu. Presha ya macho inashukiwa, amepimwa Januari, anangoja bingwa. Amewahi kuhudhuria mara mbili katika miaka kumi na miwili. Na chini kabisa muuguzi wa kliniki ameandika: Mgonjwa hana malalamiko.

Dada, jirani yako ni wewe.

Niliweka faili mezani nikatoka. Niliwaachia madaktari wakupange bila mimi kuwemo chumbani, ili asije mtu akasema umepitishwa mlango wa nyuma. Wamekuweka wa kumi na moja. Kumi wa mbele yako wameshaitwa, na bingwa anawaona nyote wiki hii kwenye kliniki ya mji wa pili.

Nimezitoa barua zako zote. Sindano zenye matundu madogo. Mwandiko wa bango. Kola ulizozichoka. Mama Vifungo aliniita waziwazi, nami nikadhani ni mzaha wa dukani. Mashine ilikuwa na kurasa mbili za habari zako ikakosea. Mimi nina miaka arobaini na nne ya kukujua.

Ningekuja mwenyewe. Nilishachukua funguo. Lakini bodi inaniita kesho, na nisipokuwepo itawashwa tena kabla sijafika kwako, na bado kuna watu tisini na nne hatujawasoma. Sista Daftari alisimama mlangoni akaniambia, "Maliza ulichokianzisha. Dada yako nitamfuata mimi."

Nisamehe, au usinisamehe, ila panda gari.

Fyuzi


5 Septemba

Mdogo wangu,

Anaandika Mama Vifungo, na safari hii nimemruhusu aandike kila kitu.

Kwanza heri. Mwanangu amejifungua msichana, mapafu kama ya mnadi bidhaa. Mjomba amempakata akakataa kumrudisha.

Pili, macho. Bingwa ni mpole, anaongea taratibu. Jicho la kushoto limekwenda. Kwa jicho hilo naona mwanga na kivuli cha mtu, si mtu. La kulia lilikuwa limeanza kuliwa pembeni. Amelifanyia upasuaji mdogo na kunipa dawa ya matone asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Alisema, "Kilichokwenda hakirudi, mama. Kilichobaki tutakilinda pamoja." Nikamuuliza, ningekuja Aprili je? Akasema, "Ungekuja Aprili ningefurahi zaidi." Sikuuliza tena.

Yule mama yako wa daftari ni mtu. Alinisomea barua yako nimekaa kwenye kiti cha cherehani, na alipofika pale ulipomhamisha alisoma bila kupunguza sauti. Njiani nikamuuliza, hukumchukia mdogo wangu? Akasema, "Nilimchukia miezi mitano. Halafu akaja darasani kuniomba radhi mbele ya watu. Viongozi niliowahi kufanya nao kazi huomba radhi wakiwa wamefunga mlango."

Sasa nikwambie kwa nini nilificha. Nilijua ukijua ungenishika mkono ukanitanguliza mbele ya wenzangu, na cheo chako bado kibichi. Watu wangesema hiyo ndiyo mashine isiyojua shemeji. Sikutaka niwe sababu ya kwanza ya watu kukusema. Nilifikiri nakulinda.

Lakini sikwambii haya ili ujione huna kosa. Unalo. Si la mashine. Mashine uliisimamisha, na ninajua ilikugharimu. Kosa lako ni Aprili. Nilikuletea mtu, ukaniambia mwambie asubiri. Hukuuliza ana nini. Hukuuliza anaonaje, ana umri gani, nani anampikia. Ulijibu haraka kwa sababu jibu ulikuwa nalo mfukoni. Nililia siku ile, si kwa ajili ya jicho.

Na mimi kosa langu ni kubwa vilevile. Nimekulea nikikwambia mtu hapigi kelele, mtu anavumilia, ukaona ndivyo watu wazima walivyo. Nikaenda kliniki nikaulizwa, "Mama, una tatizo gani?" Nikasema hakuna, nimepita tu. Yule muuguzi aliandika nilichosema.

Basi tumekosea wawili. Nimeshakusamehe, lakini bado inauma. Vyote viwili vinakaa ndani yangu kama wapangaji wasiosalimiana. Wataizoea nyumba.

Niambie bodi ilisema nini. Bado una kazi?

Dada yako


22 Septemba

Dada,

Nimeisoma mara nyingi. Sitajitetea kuhusu Aprili.

Kazi ninayo. Bodi ilinihoji kwa saa tatu nzima. Mkurugenzi aliwaambia nimeiaibisha hospitali mbele ya wageni. Mzee mmoja wa bodi, ambaye siku zote nilidhani analala, akauliza, "Huyu alituambia mashine ikimkosea mtu, 'Aje kwangu.' Wamekwenda?" Nikasema hawakuja, tuliwafuata sisi, baadhi yao tumewachelewea, na mmoja ni dada yangu. Sikutaka kulisema hilo, lakini niliona nikilificha nitakuwa nimeanza upya. Halafu Sista Daftari akafungua daftari na kuwasomea wale thelathini na saba, mmoja mmoja, kazi ya kila mmoja na alichopoteza. Dereva. Mwalimu wa chekechea. Muuza viatu. Hakuna aliyeangalia simu.

Imeamuliwa hivi. Mashine itarudi, kwa sababu Sista mwenyewe alisema daftari lake nalo lilikuwa likisahau watu, ila yeye alikuwa hajui ni akina nani. Itapendekeza tu. Orodha iko chini yake sasa, na kwenye jambo hilo mimi niko chini yake. Kila anayesogezwa nyuma lazima apigiwe simu na mtu, siyo kusomewa ujumbe, na aulizwe hali yake. Na akisema hajambo, aulizwe tena kwa namna nyingine. Hiyo ya mwisho niliidai mimi.

Hospitali zile tisa hazikuichukua. Mkurugenzi ananisalimia kwa kichwa tu. Cheo cha kliniki sita wamenipunguzia, nina hospitali kuu peke yake mpaka mwakani. Wale thelathini na saba nimeanza kuwatembelea nyumbani kwao, kila Jumamosi wawili. Wengine wananikaribisha. Mwalimu wa chekechea alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Alikuwa na haki.

Wa thelathini na nane ni wewe. Sijui nije vipi.

Fyuzi


3 Oktoba

Mdogo wangu,

Naandika mwenyewe, kwa jicho moja na karatasi ya mistari mipana. Nikipanda na kushuka, nifuate hivyohivyo.

Juzi simu iliita. Mama Vifungo amenibadilishia kioo kwa nguvu. Binti mmoja kutoka hospitali kwenu, sauti ya upole, akauliza, "Mama, unaendeleaje na matone?" Nikasema vizuri. Akasema, "Na usiku unatembeaje ndani ya nyumba?" Hapo nikakaa kitini. Nikamwambia najigonga kwenye mlango wa jikoni. Nikamwambia matone yanawasha. Nikamwambia naogopa kumbeba mjukuu nisije nikakosa ngazi, na kwamba sijamwambia mtu yeyote hilo, hata mama yake. Alinisikiliza dakika ishirini na tano, akaniandikia siku ya kurudi kwa daktari. Nilipokata, Mama Vifungo alikuwa amesimama na mkasi mkononi, ananitazama kama mtu aliyemwona bubu akiimba.

Umeuliza uje vipi. Usije kama mkuu wa kitu, na usije kama mwenye kosa. Hao wawili nimewachoka. Wala usilete maua, sitayaona vizuri. Njoo Jumamosi asubuhi, upite mlango wa nyuma maana wa mbele unakwama, ukae jikoni. Nitakueleza nilivyo, mwanzo mpaka mwisho, na ni habari ndefu. Kazi yako itakuwa kuuliza.

Mtoto bado hajapewa jina. Wanabishana. Nimewaambia wakungoje.

Dada yako